Maji ya bahari yanaweza kufika Arusha? Muscat wanayaogea

MamaMapacha_Njiro:
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu anafanya kazi za ndani Muscat, mwaka wa nne huu. Jana kanipigia video huku anaosha baraza kwa mpira, maji yanamwagika tu. Namuuliza, kwani huko mvua imenyesha? Anacheka: "Dada, haya ya baharini, yametolewa chumvi." Nchi ya jangwa ile! Na mimi ninayeuona Meru kutoka dirishani nina mapipa matatu jikoni ya kungojea mgao. Mwezi uliopita bili imesoma uniti 31, tuko watano. Na maji yenyewe ndiyo haya yanayotupaka meno rangi ya chai. Wenye kujua, bahari ya Tanga si ipo? Ni gharama au uvivu tu?

FundiPampu:
Dada, ni umeme. Lita moja ya bahari ina chumvi kama gramu 35. Mitambo ya sasa inayasukuma maji kwenye utando, unaopitisha maji na kuzuia chumvi, kwa presha ya baa 60 hivi. Tairi la gari dogo ni baa mbili na kidogo. Kupata lita 1,000, yaani uniti yako moja, unachoma uniti 3 hadi 4 za umeme. Zamani walikuwa wanayachemsha, ndiyo ilikula zaidi.

Sasa hayo ni ya ufukweni. Arusha tuko mita 1,400 juu ya bahari. Kuinua lita 1,000 mpaka huku, hata pampu isiyopoteza chochote ingekula uniti 3.8. Hizi ninazofunga mimi, sema tano. Kuyapandisha kungekula umeme kuliko kuyatoa chumvi, na bomba hatujalaza. Muscat bahari iko mlangoni, na serikali yao inabeba sehemu ya bei.

Meno ni floridi ya miamba ya volkano. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, yenyewe inabaki. Utando uleule unaitoa kwa presha ndogo, kwa sababu floridi ni miligramu tu. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe nao unainasa, pale Ngurdoto wameufanyia kazi miaka mingi. Chuja ya kunywa na kupikia tu, ya kudekia achana nayo.

Ila uniti 31! Hiyo ni zaidi ya lita 200 kwa kichwa kwa siku, ndoo kumi kila mmoja. Kwa mgao gani huo? Leo usiku tia buluu ya nguo kwenye tangi la choo, mtu asiflashi mpaka asubuhi.

Mmachame:
Hamieni Moshi. Chemchemi zinateremka zenyewe toka mlimani. Nyie bakini na watalii wenu.

MamaMapacha_Njiro:
Mmachame, nitakuja na mapipa yangu.

Fundi, buluu nimetia saa nne usiku. Saa kumi na moja alfajiri bakuli la choo lilikuwa bluu kama sare ya shule, na hakuna aliyeingia. Baba yao kafungua tangi: kile kipira cha chini kimelika upande mmoja. Nimefunga koki, tunamwagia kwa kopo. Mdogo wangu nimemwambia naye afunge mpira, kasema mwenye nyumba ndiye anataka baraza lioshwe kila siku.

Hicho kipira kinauzwa peke yake au wataniuzia tangi zima?