Jimu ya nje kwenye joto na unyevu: wazi kabisa, paa bila kuta, au kibanda cha kufungwa?

Mzigo_Mpya
Wadau, habari zenu. Nina kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, mita 3 kwa 4 hivi, nataka kukigeuza jimu. Shida ni hewa: joto mwaka mzima, na unyevu kiasi kwamba nguo ukizianika jioni, asubuhi unazikuta mbichi vilevile. Nina njia tatu mezani. Kwanza, kuacha wazi: chuma cha kuning'inia na vyuma viwili sambamba vya dipu, yaani kujishusha na kujiinua kwa mikono, basi. Pili, paa juu, pembeni pote wazi, chini nondo ya kunyanyulia, sahani za uzito, benchi na fremu ya skwati, yaani kuchuchumaa na uzito mabegani. Tatu, kibanda cha mabati chenye kufuli. Mimi naelekea kwenye kibanda, maana mvua haitagusa kitu. Walioishi na mojawapo naomba mnieleze.

Chuma_Alfajiri
Kibanda achana nacho. Nilikuwa nacho miaka miwili, na ni kweli mvua haikuingia hata tone. Kilichonimaliza ni hewa iliyotuama. Usiku bati linapoa, mvuke uliomo ndani unageuka matone upande wa chini wa paa, na yale matone yanadondokea vyuma vyako mpaka kunakucha. Chuma kitupu huanza kuliwa kwa kasi unyevu wa hewa ukishapita takriban asilimia 60, na mle ndani haukuwahi kushuka hapo. Siku moja niligeuza benchi ili nikaze nati, nikakuta ngozi ya chini ina fangasi ya kijani, na sponji ukiibonyeza inatoa maji. Nondo nayo ukiishika viganja vinatoka na rangi ya machungwa. Mchana usiseme, ni tanuri, hakuna anayeweza kufanya seti tatu mle.

Mzigo_Mpya
Duh. Na nikitoboa matundu ya hewa?

Chuma_Alfajiri
Yanasaidia ukiweka ya chini na ya juu, hewa ya moto ipande itoke na nyingine iingie. Ila kwa matundu utakayohitaji, ni bora ungejenga paa tu.

Fundi_Cheche
Mimi nachomelea, niongezee upande wa vyuma, maana hapo ndipo watu wanapoteza hela.

Rangi peke yake haitoshi nje. Sahani ikikwaruza fremu mara moja, kutu inaingia pale na kutambaa chini ya rangi. Utaona rangi imevimba ilhali kwa juu bado inang'aa. Mabomba yaliyochovywa kwenye zinki ya moto ndiyo yanadumu. Lakini toboa na kuchomelea kwanza, zinki baadaye. Ukichomelea juu ya zinki unaiunguza palepale kwenye kiungo, na ule moshi ukiuvuta unaamka na homa. Kama huna budi, saga zinki kwenye eneo la kiungo, chomelea mahali penye upepo, halafu paka rangi ya zinki.

Bomba lolote lenye uwazi ndani litoboe tundu chini kabisa. Maji yanaingia kwa juu hata ukiweka kifuniko, yakikosa pa kutokea yanakula nguzo kutoka ndani bila wewe kujua, na siku moja unaning'inia inakatika. Na pale nguzo inapozama kwenye zege, zege ipande juu ya ardhi kama kichuguu ili maji yateremke. Nguzo nyingi huoza kwenye mstari uleule.

Ringi_na_Mti
Naona njia ya kwanza mnaipita haraka sana. Mimi nafanya mazoezi wazi mwaka wa nne, kwa ringi za mbao, zile pete mbili za kuning'inia kwa kamba, na chuma kimoja. Mbao inashikika vizuri mikono ikilowa jasho, na haichomi jua likishaipiga, tofauti na chuma. Kamba chagua za poliesta. Jua linaidhoofisha nailoni mapema zaidi. Kila mwezi zikague pale zinapopita kwenye vifungo vyake vya chuma. Zile bendi za mpira ukimaliza ingiza ndani, juani zinapata nyufa ndogondogo na zinaweza kukukatikia usoni.

Goti_Imara
Dada, kwa mgongo na mikono nakubali. Ila miguu inataka uzito, na kwa hilo nondo haina mbadala. Kaka, chukua njia ya pili, lakini nondo yenyewe ilale ndani ya nyumba. Ni kitu kimoja, unaibeba. Ukiweza nunua ya stenlesi. Ya kromu inafuata, ila kromu ikichubuka kutu huanzia hapo. Sahani za kufunikwa mpira zikae nje, hazina tabu.

Baada ya mazoezi futa jasho, maana lina chumvi. Chaki ya kukaushia viganja inayobaki kwenye nondo isugue kwa brashi ya nailoni, si ya waya, kisha paka mafuta ya mashine kidogo kwa kitambaa. WD-40, ile dawa ya kupuliza ya vyuma, inafaa kusafishia, lakini kinga yake haikai. Na usifunike vyuma kwa turubai mpaka chini, unafungia umande ndani.

Pumzi_Mbili
Mmeongelea chuma, mwili je? Kwenye unyevu jasho linatiririka badala ya kukauka, na linalopoza ni lile linalokauka. Alfajiri joto liko chini kabisa lakini unyevu uko juu kabisa, kwa hiyo upepo ndio wa kutafuta. Hata feni kubwa chini ya paa inabadilisha kila kitu. Anza polepole, mwili huchukua siku 7 hadi 14 kuzoea. Mtu akianza kuongea yasiyoeleweka au kuyumba, msimwambie apumzike tu: mwagieni maji baridi mwili mzima na muite msaada wa daktari hapohapo.

Mzigo_Mpya
Nimeshiba. Paa nitalipandisha mita 3 ili bati lisinichome kichwani, sakafu ya zege yenye mteremko kidogo, nondo chumbani, na ringi za dada kwenye boriti. Swali la mwisho: nina tairi la trekta la kupindua, lilale tu pembeni?

Fundi_Cheche
Litoboe matundu makubwa pande zote mbili kabla hujalilaza. Maji yakikaa mle ndani wiki moja tu, mbu watakuwa wameshaanza kuruka.