Eti "Alisaini au hakusaini?" Huyu mtu mnamwalika wa nini kwenye mijadala ya sheria?

Wakuu, sijavua hata viatu. Nimetoka sasa hivi kwenye ule mjadala wa muswada wa kurekodi mahojiano ya polisi, na mkono unatetemeka mpaka neno "muswada" nimelifuta mara tatu.

Simtaji. Nyote mnamjua. Yule anayeanza kila sentensi na "kisheria", hata akiomba asogezewe kiti. Yule ambaye akikohoa anataka kikohozi kiingie kwenye kumbukumbu za kikao.

Nikapewa maiki. Nikaeleza kwa adabu zote: kaka yangu alikaa jela miaka sita mpaka rufaa ilipomtoa. Alihojiwa tangu jioni hadi alfajiri, hakuna wakili, hakuna kinasa sauti, akaambiwa weka saini ukalale. Akaweka. Mtu mzima na akili zake, alisainia usingizi.

Bwana mkubwa akanitazama kama risiti ya mwaka juzi. "Alisaini au hakusaini?"

Nikasema alisaini, lakini...

"Basi." Akafunga kalamu. Tak!

BASI! Miaka sita ya mtu, basi! Ukumbi ukacheka. Kuna mama mmoja mstari wa mbele alicheka mpaka miwani ikadondoka, akaiokota, akaendelea alipoishia.

Na hayo maelezo ya kukiri aliyoyasaini mngeyasoma! "Nilielekea upande wa kaskazini wa jengo hilo." Kaka yangu! Mtu ambaye akitoka chooni kwa wenyeji anauliza njia ya kurudi sebuleni. Kaskazini ameijulia wapi? Mwenye kaskazini ni aliyeandika. Nilitaka kulisema hilo, ila kalamu ilishafungwa, tak, na maiki imeshahamia kwa mwingine.

Ninachodai ni kamera iwashwe mtu anapokalishwa kwenye kiti, isisubiri ameshalainika. Hilo nalo sikulisema. Nimebasiwa mbele za watu, wakuu. Nimebasiwa.

Kinyonga wa Jioni: Nipo siti ya mbele. Baada ya "basi" ulimjibu nini?

Mleta uzi: Nilikaa.

Kinyonga wa Jioni: ULIKAA?? Moto wote huu, kumbe ulikaa?

Jino la Dhahabu: Hahaha. Jibu limemjia akiwa anafungua mlango wa nyumbani. Pole mkuu, wengine yetu huja wiki ijayo.

Karani Mstaafu: Mngemuuliza huyo bwana kuhusu wale sita wa Birmingham, Uingereza, waliosingiziwa kulipua baa. Walifungwa 1975, wanne kati yao walisaini, wakatoka 1991. Tena hapo kulikuwa na mtaalamu aliyepima mikono ya baadhi yao akasema wameshika vilipuzi. Baadaye ikaonekana kipimo kile kingeweza kutoa jibu hilohilo kwa mtu aliyeshika karata tu, na jamaa walikuwa wamecheza karata kwenye treni! Kesi za namna hiyo ndizo zilizowalazimisha Waingereza kuunda tume ya kupitia upya hukumu, ikaanza kazi 1997. Bwana "basi" angekuwepo 1975 angefunga kalamu mapema, akawahi kulala.

Jino la Dhahabu: Mzee, mtu analilia kalamu, wewe umemletea treni.

Nyundo: Mimi nasimama na mwenye kalamu. Kila mfungwa ana ndugu anayeapa hana hatia. Waliotendewa uhalifu nani anawasemea?

Karani Mstaafu: Nyundo, ukimfunga asiye, aliye yuko mtaani. Wale vijana watano wa New York, 1989, miaka 14 hadi 16, waliosingiziwa kumbaka mwanamke aliyekuwa akikimbia mazoezi bustanini. Saa zote za kubanwa hazikurekodiwa, kamera ikawashwa wanne wao walipokuwa wanakiri. Ukiutazama mkanda unasema hawa wamekiri wenyewe. Mtendaji halisi aliendelea kushambulia wanawake wengine. Hukumu zikaja kufutwa 2002, baada ya yeye kukiri na vinasaba kuonyesha ni yeye. Sasa hao wanawake wengine aliwasemea nani?

Nyundo: Sawa. Ila hilo la kupotea ukitoka chooni siliamini.

Mleta uzi: Njoo umwone.

Kofia: Nyie mnalia na kalamu! Mimi nilikwenda kituoni kuripoti simu iliyopotea, nikaombwa nisimame kwenye gwaride la utambulisho, ule mstari ambao shahidi anamtafuta mhusika, wamepungukiwa watu. Shahidi akanyoosha moja kwa moja, akanigusa begani. MIMI. Akasema sura hii hawezi kuisahau mpaka anaingia kaburini. Afande msimamizi, ambaye anajua mshukiwa ni yupi, akakohoa. Shahidi akasita, akahama, akamgusa wa pembeni yangu. Na kwenye karatasi nadhani iliandikwa "alimtambua bila kusita".

Karani Mstaafu: Ndiyo maana inadaiwa gwaride lisimamiwe na mtu asiyejua mshukiwa ni nani. Akikohoa, iwe mafua kweli.

Msomaji Kimya: Kofia, simu ilipatikana?

Kofia: Thubutu.

Baba Wawili: Afadhali wewe ulikuwa na gwaride. Mimi juzi nimetiwa hatiani sebuleni kwangu kwa kupoteza rimoti. Mpelelezi, shahidi na hakimu ni mtu mmoja, na nimemwoa mwenyewe.

Kinyonga wa Jioni: Ulikiri?

Baba Wawili: Nilikiri. Ilikuwa saa saba usiku, nataka kulala.

Jino la Dhahabu: Basi. Tak!

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa mahojiano ya polisi. Huyu mtu kesho anaalikwa tena!

Jino la Dhahabu: Mkuu, kaa. Kukaa unakuweza.

Msomaji Kimya: Baba Wawili, umewaangalia hao wawili? Wangu waliificha ndani ya kiatu.

Baba Wawili: Wamehojiwa tofauti tofauti, maelezo yao yanafanana neno kwa neno. Nahisi wamefundishwa. Kwa sasa nani anajua namna ya kubadilisha stesheni bila rimoti?

Kofia: Kuna vitufe nyuma ya TV, pembeni.

Baba Wawili: Pembeni ipi?

Nyundo: Upande wa kaskazini.