Namba za flapu zinaruka mota ikiwaka: nibadilishe sensa?

Bawa_Ribiti
Habari wakuu. Ndege ni ya kujijengea, viti viwili, umeme volti 12. Flapu (sehemu zinazoshuka nyuma ya mabawa) zina mota na sensa ya kuteleza yenye mwendo wa mm 30, omu 5,000, inalishwa volti 5 kutoka kwenye skrini inayoonyesha nyuzi za flapu na trimu. Trimu ya elevata (kibao kidogo nyuma ya elevata, ile sehemu ya mkiani inayopandisha na kushusha pua) inasukumwa na servo, yaani mota ndogo yenye sensa ndani, ya Ray Allen. Flapu zikitoka nyuzi 0 hadi 40, waya wa ishara unatoa volti 1.7 hadi 3.2 tu. Mota ya flapu ikiwaka, namba inaruka karibu nyuzi 3, ikizimwa inarudi. Nikibonyeza redio, namba ya trimu nayo inachezacheza. Sensa imekufa?

Umeme_Safi
Sensa ni nzima. Waya wake wa hasi umeufunga wapi? Kama umeungana na hasi ya mota kwenye bodi (mwili wa ndege), jibu ni hilo. Mota ikivuta ampea 5 kwenye njia yenye omu 0.02, inapatikana volti 0.1 ya ziada, na kwako volti 1.5 ndiyo nyuzi 40 zote. Kwa hiyo volti 0.1 ni nyuzi 2.7. Rudisha hasi ya sensa moja kwa moja kwenye pini ya hasi ya skrini, isiguse bodi popote.

Kwa redio, tumia waya wenye ganda la kukinga, ganda lifungwe upande wa skrini peke yake. Weka kapasita ya mikrofaradi 0.1 kati ya ishara na hasi, karibu na skrini, na utenganishe waya huo na kebo ya antena.

Fundi_Elevata
Naongezea upande wa chuma, maana ndiko chanzo cha namba kuruka sana hivyo. Volti 1.5 kati ya 5 maana yake sensa inasogea mm 9 tu. Umeifunga kama mm 13 kutoka kwenye mhimili wa flapu. Sogeza tundu la fimbo ya sensa kwenye mkono wa mhimili hadi mm 38. Kwa nyuzi 40 utapata mm 26, zinabaki mm 2 kila upande. Fimbo ikae pembemraba na mkono flapu zikiwa nyuzi 20, hapo namba hazitapinda sana.

Usizile hizo mm 2. Zinalinda sensa isigeuke kizuizi cha flapu (ikigota ndani, inavunjika), na pia volti zako za kawaida zitakuwa takriban 0.33 hadi 4.67. Ukiweka rezista ya omu 100,000 kati ya ishara na hasi, upande wa skrini, waya ukikatika usomaji unaangukia nje ya masafa hayo, na unajua mara moja kwamba ni hitilafu. Bila rezista waya uliokatika unaweza kuonyesha namba inayoaminika kabisa. Hilo ndilo baya zaidi.

Na sensa ifungwe kwenye mhimili wa flapu zenyewe. Ikifungwa kwenye mota, fimbo inayosukuma flapu ikichomoka skrini itaendelea kukwambia flapu zimeshuka.

Umeme_Safi
Sawa kabisa. Kwenye trimu kuna mtego mwingine: servo ina waya mbili nyeupe za mota, na tatu nyeupe zenye mstari wa chungwa, bluu na kijani za sensa. Trimu ikienda kinyume, geuza zile nyeupe mbili. Skrini ikisoma kinyume, geuza chungwa na bluu. Kijani ndiyo ishara, iache. Anayegeuza jozi isiyo sahihi anapata skrini inayokubaliana na swichi huku kibao cha trimu kikienda kinyume.

Kibao kikishuka, elevata inapanda na pua inapanda. Mtu mmoja asimame mkiani akitazama kibao, mwingine abonyeze "pua juu". Kisha linganisha kibao na elevata kwa rula iliyonyooka, na hapo ndipo uhifadhi sifuri ya trimu kwenye skrini. Alama ya trimu ya kupaa ifuate mchoro wa ndege na uzito uliokokotoa.