Naomba ushauri: Lotus Emira, silinda 6 au 4?

Wadau, habari zenu. Nimedunduliza miaka mingi kwa ajili ya gari moja la michezo, na moyo umeganda kwenye Lotus Emira. Ni gari la viti viwili linalotengenezwa Hethel, Uingereza. Lilipozinduliwa mwaka 2021, kampuni ya Lotus ilisema ndilo gari lake la mwisho la petroli.

Kinachonisumbua ni injini. Kuna V6 (silinda 6) ya lita 3.5 yenye supachaja, yaani pampu inayoisukumia injini hewa zaidi, asili yake Toyota, na unaweza kuipata kwa gia za mkono. Nyingine ni silinda 4 ya lita 2 yenye tabo kutoka AMG, kitengo cha magari ya kasi cha Mercedes, gia zinajibadilisha zenyewe. Mimi napenda kukanyaga klachi na kuingiza gia mwenyewe. Kwangu, raha ya gari la namna hii iko hapo.

Halafu kuna uzito. Lotus ya zamani, Elise ya mwaka 1996, ilikuwa na takriban kilo 725 tu, Emira inapita kilo 1,400! Najua ndani imetengenezwa vizuri zaidi, na nadhani hilo ndilo linalowavuta watu ambao zamani wangekwenda moja kwa moja kwa Porsche. Lakini ule wepesi aliousisitiza mwanzilishi, Colin Chapman, bado mnausikia kwenye kona?

Mliowahi kuiendesha, hasa kwa matumizi ya kila siku, nisaidieni. Na siku nikitaka kuiuza, wanunuzi watakimbilia ipi?