Mjadala: Mwenyekiti wa mtaa alipwe na Hazina, au tuendelee kumlipa dirishani?

Ndugu zangu, msimu wa uchaguzi wa serikali za mitaa ukifika, wagombea hutuahidi barabara, maji, taa na ulinzi. Sijawahi kumsikia hata mmoja akisimama kutueleza ataishi kwa kula nini katika miaka mitano ya uongozi wake, na sisi hatumuulizi. Msimamo wangu nautoa mapema ili wa kuupinga waupinge: wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji Tanzania Bara walipwe posho ya kila mwezi kutoka Hazina, kiwango kiandikwe kwenye sheria, na siku hiyohiyo barua ya utambulisho iwe bure nchi nzima.

Kwanza tuwekane sawa. Serikali za mitaa zimetajwa kwenye Katiba, ibara ya 145 na 146, na zinaendeshwa kwa sheria za serikali za mitaa, Sura ya 287 ya sheria zetu kwa mamlaka za wilaya na Sura ya 288 kwa mamlaka za miji. Mwenyekiti tunamchagua sisi kila baada ya miaka mitano. Mtendaji wa kijiji au mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri: ana mshahara, ana likizo, ana pensheni, na bosi wake ni mkurugenzi. Basi kwenye ofisi moja wanakaa watu wawili, wa kuajiriwa analipwa mshahara na wa kuchaguliwa hana mshahara wala posho ya uhakika. Tena kanuni za uchaguzi zinamtaka mgombea awe na miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika, adhaminiwe na chama, na awe na shughuli halali ya kumwezesha kuishi. Yaani serikali inajua fika kwamba kazi hii haimlishi mtu, ndiyo maana inamtaka aje na chakula chake.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Polisi wakija kupekua nyumba saa nane usiku, anayeamshwa ashuhudie ni mwenyekiti au mjumbe wake. Mke na mume wakipigana, mlango unaogongwa ni wa mwenyekiti. Majirani wakigombania mpaka, anaitwa yeye asimame katikati ya jembe na panga. Msiba ukitokea anatakiwa awepo, na asipoonekana atasemwa mpaka arobaini. Sensa, chanjo, anwani za makazi, vitambulisho, orodha ya kaya masikini, vyote vinapita kwake. Na kila miezi mitatu anapaswa kuitisha mkutano mkuu na kusoma mapato na matumizi. Huyo fundi cherehani au muuza mkaa tuliyemchagua anayafanya haya saa ngapi, na cherehani anamwachia nani?

Wanaosema kazi hii ni ya kujitolea wanasahau kwamba hela tunatoa. Tunaitoa dirishani.

Nenda asubuhi kwenye ofisi yoyote ya serikali ya mtaa mjini. Chumba kimoja, mara nyingi cha kupanga, benchi nje, meza yenye kaunta buku lililochakaa pembeni na pedi ya wino iliyokauka katikati. Kwenye benchi utamkuta mama anayetaka kufungua akaunti benki, kijana aliyeambiwa alete barua ya utambulisho na wadhamini wawili ndipo aajiriwe ulinzi, mzee anayekwenda kumdhamini mwanawe mahakamani. Kila mmoja amekuja na picha ya pasipoti na kikaratasi cha balozi wa nyumba kumi. Barua inaandikwa, picha inabandikwa, muhuri unagongwa nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Kisha inatajwa hela: elfu mbili hapa, elfu tano pale, kwingine elfu kumi kama una haraka. Risiti hakuna. Ukiuliza ni ya nini unaambiwa ni ya kuendesha ofisi, karatasi na wino. Nimetoa hela hiyo mimi pia, kwenye mtaa ambao sitautaja, na nilipoomba risiti nilitazamwa kama mtu aliyeleta ugomvi.

Angalieni nani anayelipa. Mwenye kazi ya kudumu, kitambulisho cha ofisi na pasi ya kusafiria hana haja sana na barua ya mtaa. Anayeihitaji kila mara ni mpangaji anayehamahama, msichana wa kazi za ndani, dereva wa bodaboda, mama anayeomba mkopo wa kikundi. Hiyo ni kodi kwa kila hali, isipokuwa haikupitishwa na Bunge wala na baraza la madiwani, na wanaobebeshwa ni wale wenye kidogo zaidi.

Halafu kuna ardhi, na hapa ndipo ninapoomba tukae kidogo.

Pembezoni mwa Dar es Salaam, na sasa hata pembezoni mwa Dodoma, Mwanza na Arusha, mauziano mengi ya viwanja visivyopimwa yanaandikiwa ofisi ya serikali ya mtaa. Muuzaji, mnunuzi, mashahidi, mwenyekiti na muhuri. Umezoeleka mtindo wa ofisi kudai asilimia 10 ya bei. Hakuna sheria ya ardhi iliyoitaja hiyo asilimia 10. Piga hesabu: kiwanja cha milioni 8 kinaacha laki 8 mezani kwa nusu saa ya kuandika. Mwenyekiti asiye na posho ya uhakika, aliyeuza barua za elfu mbili mbili wiki nzima, anawekewa laki 8 mbele yake. Je, atakuwa na moyo wa kuuliza kama kiwanja hiki hakikuuzwa mwaka jana kwa mtu mwingine? Atauliza kama ni njia ya maji, au eneo lililotengwa kwa ajili ya shule? Wapo wanaouliza, nawajua na nawaheshimu. Lakini hatuwezi kuuacha usalama wa ardhi ya watu utegemee ushujaa wa mtu mwenye njaa. Nyumba zikija kuwekwa alama nyekundu ya X ya kubomolewa, mwenyekiti aliyegonga muhuri alikwishaondoka madarakani zamani.

Vijijini mambo ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo inatufundisha jambo. Halmashauri ya kijiji kilichosajiliwa ni chombo chenye nafsi kisheria: ina wajumbe 15 hadi 25, inaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasimamia ardhi ya kijiji, na haiwezi kuigawa bila ridhaa ya mkutano mkuu. Kwa hiyo kijijini, mkutano ukiwa hai, mwenyekiti anabanwa. Mtaa wa mjini hauna nguvu hizo. Una kamati ndogo isiyo na bajeti ya maana, na mikutano yake wengi wetu hatuhudhurii kwa kuwa tuko kazini au hatujui ilitangazwa lini. Huko mijini, ambako mkutano umelegea na ardhi ina bei, ndiko kumwacha mwenyekiti bila posho ya uhakika kunakotugharimu zaidi.

Sasa hoja za upande wa pili, maana nimezisikia na baadhi yake ni nzito.

Inasemwa nchi haina hela. Vijiji ni zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,200, vitongoji zaidi ya 63,000. Tukadirie wenyeviti 80,000. Ukimpa kila mmoja laki moja kwa mwezi ni bilioni 8, sawa na bilioni 96 kwa mwaka. Ni hela nyingi, sikatai. Lakini bajeti ya Serikali ya mwaka 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35, na katika kila shilingi 100 za bajeti hiyo, posho hii isingefika senti 20. Njia ya kulipa pia ipo tayari: tangu mwaka wa fedha 2021/22 serikali kuu ilianza kulipa posho za madiwani wa halmashauri zenye mapato madogo, na watendaji wa kata wakawekewa shilingi 100,000 kwa mwezi. Mtendaji wa kata anastahili na sina kinyongo naye. Ninachouliza ni kwa nini mkono wa Hazina ulifika kwenye kata ukaishia hapo.

Wengine wanasema tuziachie halmashauri zilipe kutoka mapato ya ndani. Mimi siafiki. Halmashauri ya mjini italipa, ya pembezoni itasema haina, na ndani ya mwaka mmoja tutakuwa na wenyeviti wa daraja la kwanza na la pili.

Wanasema pia kwamba posho italeta wachumia tumbo na kampeni zitachafuka. Kampeni za mitaa zimekwishachafuka, hasa zile za ndani ya vyama, kwenye kura za maoni. Mtu hatoi pilau na fulana ili aje ajitolee bure. Anajua kuna viwanja. Posho ya laki moja haimvuti mwenye mtaji wa pilau. Inamvuta mwalimu mstaafu na mama wa kikundi ambao leo hawagombei kwa sababu hawana namna ya kufidia siku zao. Wanawake hasa. Mwanamke anayeuza genge akikosa siku mbili kwa wiki, genge limekufa.

Hoja iliyonisumbua kuliko zote ni ya uhuru: anayelipwa na serikali atakuwa mtu wa serikali. Zanzibar sheha, ambaye kazi yake inafanana na ya mwenyekiti wetu wa mtaa, hapigiwi kura na wananchi, anateuliwa na mkuu wa mkoa, na wenzetu wa huko wanajua lawama zake kila msimu wa uchaguzi. Historia yetu ya Bara nayo inatutia hofu. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa kwa jina la madaraka mikoani, na zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Kwa hiyo mtu anayehofia mkono wa serikali kuu ndani ya mtaa wake hatishwi na kivuli. Jibu langu ni kwamba kinachomfanya kiongozi awe mtumwa ni posho inayotegemea hisani ya mtu. Iwapo kiwango kimeandikwa kwenye sheria na hakuna mkuu wa wilaya anayeweza kukizuia kwa sababu mwenyekiti alimpinga mkutanoni, posho inamlinda. Leo mwenyekiti anategemea "asante" ya dalali na bahasha ya semina. Huo ndio uhuru tunaoogopa utapotea?

Halafu wapo wanaosema waziwazi: uchaguzi wa Novemba 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao kuenguliwa kwa wingi, CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, Novemba 2024 ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 98, uchaguzi ukisimamiwa tena na TAMISEMI, wizara ya Serikali yenyewe inayosimamia serikali za mitaa. Kwa nini kodi zetu zilipe posho kwa makada wa chama kimoja? Hasira hiyo naielewa. Wagombea walioenguliwa kwa kosa la herufi kwenye fomu walidhulumiwa, na waliotaka kuwachagua walidhulumiwa pamoja nao. Lakini dawa ya dhuluma hiyo ni kubadilisha msimamizi wa uchaguzi na namna fomu zinavyokaguliwa, na napigania hilo pia. Kumwacha aliyekaa kwenye kiti bila posho hakumrudishi aliyeenguliwa. Yule mama anayetaka kufungua akaunti benki atatoa elfu tano yake vilevile, mwenyekiti awe wa chama chochote.

Mwisho kuna masharti, na bila hayo mimi mwenyewe nitaipinga posho hii. Barua ya utambulisho iwe bure, na tangazo la bure libandikwe ukutani pa ofisi kwa herufi kubwa, pamoja na namba ya kupigia ukidaiwa. Shajala, wino na kodi ya chumba vilipwe na halmashauri, ili kisingizio cha kuendesha ofisi kife. Asilimia 10 ya viwanja ikome, anayeidai ashtakiwe kama mla rushwa mwingine. Na posho ifungwe na mkutano mkuu: mwenyekiti asiyesoma mapato na matumizi kwa robo mwaka asilipwe robo inayofuata, na uthibitisho uwe mahudhurio yaliyosainiwa na wananchi, siyo barua ya mtendaji peke yake.

Kuna mawili sijaamua, naomba tuyajadili kwa hoja. Je, mwenyekiti wa kitongoji apate sawa na wa kijiji? Vitongoji ndivyo vingi mno, na ndivyo vinavyopandisha hesabu. Ukimpa wa kijiji na mtaa 150,000 na wa kitongoji 50,000, jumla inashuka mpaka karibu bilioni 68 kwa mwaka, lakini huyo wa kitongoji ndiye anayeamshwa usiku. La pili ni wajumbe wa kamati na halmashauri ya kijiji, watu 15 hadi 25 kila kijiji. Sioni namna ya kuwalipa wote, na sioni haki ya kuwaacha wote.

Waliowahi kukaa kwenye kiti hicho waseme kwanza: kwa mwezi mliingiza kiasi gani kwa barua na mihuri, na kiasi gani kilitoka mfukoni mwenu kwa nauli, vocha na misiba ya watu?