Tandala wa Ruaha: nichapishe toleo lipi, A, B au C?

Mnyalukolo_Lenzi (Iringa)
Kamwene wakuu. Nina picha ya tandala mkubwa dume, kasimama nusu kivulini nusu juani chini ya mbuyu, karibu na Mto Ruaha Mkuu, saa saba mchana wa kiangazi. Nataka kuichapisha A3 niitundike sebuleni. Kamera megapikseli 24, lenzi 70-300, faili la RAW (data ghafi ya kamera, haijachakatwa). Matoleo ni matatu:

A: fremu nzima, mbuyu wote upo, mnyama mdogo, vivuli sijavigusa.
B: nimekata nikabakiza kichwa, pembe na shingo. Vivuli nimevipandisha sana.
C: nimekata wima, mnyama mzima na shina la mbuyu. Vivuli juu kidogo, sehemu za jua kali nimezishusha.

Dada_Mafinga
B bila kujiuliza. Pembe zilivyojisokota vile, halafu na ule mstari mweupe kati ya macho! A ni picha ya mti.

Mchapaji_Mbeya
Mkuu, hesabu kwanza. Faili lako ni pikseli 6000 kwa 4000. Kwenye B umebakiza kama nusu ya upana na nusu ya urefu, yaani 3000 kwa 2000. Hiyo ni megapikseli 6, robo ya ulichopiga. Upande mrefu wa A3 ni inchi 16.5, kwa hiyo unapata pikseli kama 180 kwa inchi. Ukutani, mtu akiitazama toka kwenye kochi, inapita. C umekata wima lakini urefu wa 4000 umebaki wote, hapo unapata kama 240. Nafuu kubwa.

Ila ugonjwa wa B sio pikseli. Ivute uangalie kope. Mchana ule hewa juu ya mchanga inacheza kwa joto, na kadiri mnyama alivyo mbali ndivyo hewa hiyo inavyozidi kumlainisha. Ukikata, unaukuza na ulaini wenyewe. Kunoa kwenye programu kutakuchorea ukingo mweupe kwenye pembe, basi.

Dada_Mafinga
Sasa afanyeje, ashuke kwenye gari amfuate? Hifadhini hushuki ovyo wala huachi barabara. Mwenye 300 lazima akate.

Mchapaji_Mbeya
Akate, sijakataa. Ila B akaichape A4.

Tukuyu_Mvua
Mnabishania mkasi wakati kesi iko kwenye mwanga. Huku kwetu msitu wa Rungwe nawapiga mbega: manyoya meusi tii, mabega na ncha ya mkia vyeupe. Kamera hupima ikidhani dunia yote ni ya kijivu, hivyo ikiona weusi mwingi inaongeza mwanga. Mbega anakuwa kijivu na mabega yanaungua, yaani yanabaki weupe mtupu. Pale nashusha fidia ya mwanga (kuiamuru kamera iongeze au ipunguze mwanga) hadi -0.7, hata -1. Ndege akiwa juu dhidi ya mawingu ya masika ni kinyume, napandisha +1, la sivyo nabaki na kivuli chenye mabawa.

Tandala wako ana michirizi myeupe ubavuni. Ile iliyoangukiwa na jua imeungua au bado ina kitu?

Mnyalukolo_Lenzi (Iringa)
Nilipiga -0.7. Histogramu (grafu ya mwanga wa picha) haijagusa ukingo wa kulia, upande wa weupe. Nikishusha mwanga mkali, michirizi inarudi na nywele zake.

Tukuyu_Mvua
Basi una mali. Ungepiga JPEG, faili la kawaida lililobanwa, ungekuwa na ngazi 256 tu kwa kila rangi. RAW ya biti 14 ina 16,384, ndiyo maana hapo pana cha kurudisha. Lakini vivuli vya B umevivuta mno, naona chenga (vidoti vya uchafu) shingoni na weusi umekuwa kama majivu. Kivuli cha mchana Ruaha ni kizito, kiache kizito. Acha tu jicho lisizame.

Kijana_Njombe
Samahani wakubwa, programu gani? Lightroom ya kulipia siiwezi.

Tukuyu_Mvua
darktable au RawTherapee, zote bure. Anza na mkunjo wa toni, ule mstari unaopanga giza na mwanga wa picha: nukta moja chini ishushe kidogo, nyingine katikati ipandishe kidogo. Ukishaujua huo, slaida nyingi utaziacha.

Mnyalukolo_Lenzi (Iringa)
Nimeelewa, naenda na C. Ila nimeikata tena: alikuwa anatazama kushoto na pua imebanana na ukingo, nimemwachia nafasi mbele na kupunguza nyuma. Vivuli nimevirudisha chini, jicho nimelipandisha peke yake kwa brashi. Nipeleke hivyo hivyo?

Mchapaji_Mbeya
Bado. Kioo kinawaka, karatasi haiwaki. Picha iliyo sawa kwenye skrini yenye mwanga wa juu hutoka nyeusi. Punguza mwanga wa skrini hadi karibu nusu, uiangalie upya. Halafu kabla ya A3, chapisha kipande kidogo chenye jicho, mchirizi mmoja wa juani na gome la kivulini, kwenye karatasi ileile. Chukua isiyong'aa kama sebule ina dirisha kubwa.

Dada_Mafinga
Na B ichape A4, mimi nitainunua.