Laptopu ya ofisi haiwaki, mafundi watatu wana majibu matatu. Nimpe nani, kwa masharti gani?

Mhasibu_Mdogo:
Wakuu, HP EliteBook 840 G3 ya ofisi imezimika umeme ulipokatika na kurudi ghafla. Ukichomeka chaja hakuna taa, ukibonyeza kitufe feni haizunguki. Fundi wa kwanza kasema bodi (ubao mkuu wa ndani) imekufa. Wa pili kasema betri. Wa tatu anataka niiache siku tatu pamoja na paswedi, bei "tutaongea". Ndani mna hesabu za ofisi, na nakala ya mwisho ina miezi miwili. Anayejua kazi mnamtambuaje, na tukubaliane nini kabla sijamwachia?

Volti19:
Waulize wote watatu: umepima nini, ukapata ngapi? Anayesema bodi imekufa bila kuifungua anabahatisha.

Kwa dalili zako, vipimo vina mpangilio wake. Kwanza chaja: 19.5V, na ya 65W hutoa 3.33A. Ncha nyekundu ya multimita (kipima umeme) iguse ukuta wa ndani wa plagi, si ule msumari mwembamba wa katikati, huo ni wa kuitambulisha chaja. Ikisoma sawa bado usiiamini. Chaja mbovu yaweza kuonyesha 19.5 bila mzigo, halafu ikaanguka ikichomekwa. Ijaribu na nyingine nzima. Pili, betri ichomolewe kwenye bodi, kitufe kishikiliwe sekunde 30, kisha iwekwe chaja peke yake. Ikiwaka hapo, fundi wa pili hakukosea sana.

Isipowaka, bodi iende kwenye pawa saplai ya mezani (kifaa cha fundi kinachotoa umeme na kuonyesha unaovutwa), na fundi asome ampea kabla hajabonyeza kitufe. Ikiwa 0.00, umeme unaishia mlangoni: tundu la chaja, fyuzi au mosfeti (swichi ndogo za umeme) za mwanzo. Ikivuta nyingi papo hapo, ni shoti (umeme unapita njia ya mkato), na mara nyingi chanzo ni kapasita (kihifadhi chaji) moja ndogo kuliko punje ya mchele. Kwa hiyo "nunua bodi nyingine" ni jibu la mwisho, si la kwanza.

Swali la mtego: "Ukitafuta shoti, unaingiza volti ngapi?" Anayejua atakuuliza ni laini gani ya umeme kwenye bodi, kwa sababu laini ya prosesa hukaa karibu na 1V. Anayeingiza 19 kila mahali atakuunguzia prosesa. Na anayependa kupasha chipu moto mpaka mashine iwake, mkimbie. Hiyo huwaka wiki chache ikarudi kulekule.

Stoo_ya_Ofisi:
Kabla ya yote, TOA SSD (diski inayohifadhi data zako). Tatizo ni umeme, fundi haihitaji diski yako wala paswedi yako. Ana flashi yake ya kuwashia. Hakikisha tu betri imechomolewa kwanza. Kisha nunua kasha la USB unakili hesabu zako. Soma lebo ya SSD kabla ya kununua: SATA na NVMe ni aina mbili za muunganisho, na kasha la SATA halisomi NVMe. Diski ikidai ufunguo wa BitLocker, kufuli la data la Windows (tarakimu 48), utafute kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwekea mashine, au kwa aliyeiweka. Uwe nao mkononi hata kama diski inasomeka, kwa sababu bodi ikibadilishwa Windows huenda ikaudai.

Na asiifungue ukiwa haupo.

Bisibisi_Nyota:
Hapo mwisho napinga kidogo. Kutafuta shoti kunaweza kula saa kadhaa, na kumsimamia mtu kichwani hakumfanyi apime vizuri. Afungue mbele yako, mwandike namba ya mashine, ukubwa wa ramu na idadi ya vipande vyake, betri, chaja na mikwaruzo, mpige picha, uondoke. Kubadilishiwa ramu kunazuiwa na hiyo karatasi.

Kwenye karatasi hiyohiyo ongeza: ada ya uchunguzi (inalipwa hata mashine isipopona, ni haki yake), kiwango cha juu ambacho hapiti bila kukupigia, kifaa kibovu kirudi kwako, na dhamana kwa tatizo lilelile, angalau siku 30.

Akilazimika kuweka bodi iliyotumika, bonyeza F10 mashine inapowaka. Ikidai paswedi ya bayosi (mipangilio ya msingi ya mashine) usiyoijua, usipokee. Zipo zilizotoka makampuni ya nje bado zimefungwa.

Mhasibu_Mdogo:
Chaja inasoma 19.4, ya jirani pia haiwashi. SSD imetoka, imeandikwa NVMe. Bodi nzima ikihitajika nilipe?

Volti19:
Matengenezo ya kapasita au mosfeti, lipa. Bodi nzima, piga hesabu upya: prosesa ya kizazi cha sita haimo kwenye orodha ya Windows 11, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025. Hela ya bodi iongezee kwenye mashine ya kizazi cha nane kuendelea. SSD yako na ramu za DDR4 hamishia huko, ukishahakikisha ina nafasi zake.